Kumvalisha Orfeo suti bila kumnyang'anya ala zake

Swali: Ndugu mtaalamu, salamu. Naishi Leeds, Uingereza, na ni msaidizi wa mwongozaji katika kikundi kidogo cha michezo ya muziki. Mwakani tunataka kuweka jukwaani L'Orfeo ya Monteverdi kwa sura ya leo: harusi ya mjini, suti, simu mkononi, sherehe katika bustani ya nyuma ya nyumba. Ukumbi una viti 250 tu na fedha zinatosha wapigaji wasiozidi 20. Mwongozaji anataka Caronte, mvushaji wa kuzimu, awe ofisa wa mpakani. Tuna rafiki Mzanzibari anayepiga udi, tumemwomba ashike nafasi ya kitarone, ile liuto ya shingo ndefu. Tutaonyesha tafsiri kwenye skrini kwa Kiingereza na Kiswahili, kwa kuwa tunawaalika Waswahili wa huku. Ni kipi tunaweza kubadili, na ni kipi kikiguswa opera inaanguka? Na mwisho upi tuchukue, ule wa Apollo au ule wa wanawake wa Bacchus?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na ukumbi, maana umeutaja kama kasoro na si kasoro. L'Orfeo ilichezwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1607, msimu wa kanivali, ndani ya jumba la watawala wa Mantova, kaskazini mwa Italia, mbele ya chama cha wasomi kilichoitwa Accademia degli Invaghiti. Maneno ni ya Alessandro Striggio, muziki ni wa Claudio Monteverdi, na mlezi wa shughuli nzima alikuwa Francesco Gonzaga, mwana wa mtawala. Nota zilipochapwa Venice mwaka 1609, Monteverdi alimtunukia Francesco kitabu hicho na kumkumbusha kwamba kazi ilionyeshwa juu ya jukwaa jembamba. Nyumba ya opera ambayo mtu analipa kiingilio haikuwapo bado. Ya kwanza ilifunguliwa Venice mwaka 1637. Akitokea wa kuwahurumia kwa kukosa ukumbi mkubwa, mwambieni kwamba ukumbi mkubwa ndio unaoitesa kazi hii, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki wake hupigwa na watu wawili watatu, tena kwa sauti ya chini.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi: Orfeo ni mwimbaji ambaye hata miti na mawe humsikiliza. Anamwoa Euridice. Siku hiyo hiyo bibi harusi anaumwa na nyoka akichuma maua, anakufa. Orfeo anashuka kuzimu, anamlaza usingizi mvushaji Caronte, na malkia Proserpina anamwombea kwa mumewe Plutone. Anaruhusiwa kumrudisha mkewe kwa sharti asitazame nyuma. Anatazama. Kuna utangulizi na sehemu tano, na muziki wote hauzidi saa mbili.

Mavazi, mahali na zama badilini mtakavyo. Hata watu wa 1607 hawakuwa wachungaji wa Ugiriki, walijivisha tu. Msichoweza kugusa ni ramani ya sauti. Monteverdi alifanya jambo ambalo wenzake wengi wa wakati ule hawakulifanya: aliandika ndani ya nota ni ala zipi zinapiga wapi. Upande wa walio hai una fidla, viola, filimbi, harpsikodi (kinanda cha nyuzi zinazodonolewa) na kitarone. Upande wa wafu una kornetto (bomba la mbao lenye matundu), tromboni na regali (kinanda kidogo cha ndimi za shaba). Msikilizaji wa Mantova alijua amefika kuzimu kwa masikio kabla macho hayajamweleza. Waongozaji wengi wa leo hutumia fedha zao kwenye ukuta wa zege na taa za buluu, kisha wanapunguza tromboni na kumwambia mpiga kinanda kimoja azibe mapengo yote. Hapo kuzimu inaonekana lakini haisikiki, na nusu ya pili ya opera inakuwa ndefu kuliko ilivyo.

Sasa hesabu ya wapigaji. Orodha iliyochapwa mbele ya nota inataja harpsikodi 2, besi kubwa 2, viola da braccio 10, kinubi pacha 1, fidla ndogo za Kifaransa 2, kitarone 2, ogani za mbao (vinanda vya mabomba) 2, viola da gamba za besi 3, tromboni 4, regali 1, kornetto 2, filimbi ndogo 1, na tarumbeta moja ya juu pamoja na tatu zenye viziba. Msiitii orodha hiyo kama sheria, kwa sababu ndani ya nota yenyewe zinatajwa kitarone na tromboni zaidi ya zilizoorodheshwa. Kikundi chenu kinaweza kusimama na watu 17: fidla 2, viola 2, fidla ya besi 1, viola da gamba 1, besi kubwa 1, kornetto 2, tromboni 3, kitarone 2, kinubi 1, na wapiga vitufe 2 wanaogawana harpsikodi, ogani na regali. Kornetto 2 na tromboni 3 zinawapa sauti tano za muziki wa kuzimu. Wapiga kornetto wengi hupiga filimbi pia, basi zile sehemu za wachungaji mmezipata bila kuongeza mshahara. Mkilazimika kumpunguza mtu, punguzeni kitarone cha pili. Kinubi msikiguse, na regali msiikodi mwishoni kwa fedha zitakazobaki; ikodini kwanza.

Regali ni kinanda kidogo cha ndimi za shaba, hakina mabomba marefu, na mlio wake ni wa puani, unakwaruza. Caronte huimba juu yake. Tatizo lake ni joto. Mabomba ya ogani hupanda sauti ukumbi unapopata joto, ilhali ndimi za regali hubaki karibu pale pale. Mkizipatanisha saa tisa alasiri ukumbi ukiwa baridi, saa mbili usiku watu wamejaa na taa zimewaka, ogani na regali zitakuwa zimeachana, na watazamaji watadhani mwimbaji wa besi ndiye anayekosea. Dawa yake ni kuwasha taa zote saa moja kabla, kuipatanisha regali kwa kuifuata ogani, kisha kuirudia wakati wa mapumziko. Wekeni mapumziko baada ya sehemu ya pili, ili marudio hayo yaangukie dakika chache kabla Caronte hajafungua kinywa.

Kimo cha sauti kiamueni kabla ya kumwajiri mtu yeyote. Ala nyingi za upepo za Venice za wakati ule zilikaa karibu A = 466 (yaani sauti ya A hutetemeka mara 466 kwa sekunde), vikundi vingine leo hutumia 440, na wanaozoea muziki wa miaka ya 1700 watawaletea ala za 415. Kornetto ni bomba la mbao lililofunikwa ngozi, lenye matundu. Huwezi kulivuta likarefuka kama tarumbeta ya leo. Mpigaji akifika na ya 466 nanyi mmepanga 440, siku ya kwanza ya mazoezi imepotea. Kwa hali yenu nashauri 440. Ogani na harpsikodi zipatanishwe kwa mpangilio wa zama hizo, ambamo umbali wa do hadi mi ni safi kabisa. Gharama ya usafi huo ni kwamba kitufe kimoja hakiwezi kuwa G shapu na A flati kwa pamoja. Chagueni G shapu. Sababu mtaiona tukifika kwa mjumbe.

Jambo dogo linaloharibu dakika ya kwanza kabisa: ile tokata ya ufunguzi, ambayo nota zinasema ipigwe mara tatu na ala zote kabla pazia halijafunguliwa. Imeandikwa katika C, lakini Monteverdi anaeleza kwamba ikipigwa na tarumbeta zenye viziba itasikika toni moja juu. Kiziba cha zama zile hupandisha sauti kweli; cha leo hakipandishi. Mkikodi tarumbeta za zamani, wengine wote wapewe karatasi za D. Mkiwa hamna tarumbeta, kornetto na tromboni zinatosha. Kwa harusi yenu ningewaweka wapigaji hao mlangoni, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Tokata hii ni tangazo, na tangazo halihitaji ukimya.

Waimbaji 9 wanatosha, wote wakiimba pia kwaya: soprano 3, sauti moja ya alto, tenori 3 akiwamo Orfeo, na besi 2. Mtu mmoja kushika nafasi mbili si uvunjaji wa desturi. Mwaka 1607 Giovanni Gualberto Magli, mwimbaji aliyehasiwa ambaye waliazima Florence, aliimba nafasi ya Musica, yaani Muziki mwenyewe, katika utangulizi na ya Proserpina baadaye. Ningemgawia mwimbaji mmoja Musica na Euridice, na mwingine nikampa Mjumbe na Proserpina, ili yule aliyeleta habari ya kifo ndiye anayekuja kuombea uhai. Angalieni mtego mmoja: kwaya za kuzimu zimeandikwa kwa sauti za chini, na ile inayofunga sehemu ya tatu inaingia Caronte akiwa amelala jukwaani. Kama besi wenu wa kwaya ndiye Caronte, seti iwe na upenyo wa kumtoa kimya kimya, la sivyo tromboni ya besi ibebe mstari wake.

Mazoezi yasianze na piano. Namaanisha kabisa. Muziki huu umeandikwa mistari miwili tu kwa sehemu kubwa: mwimbaji juu, besi chini, na tarakimu chache za kuonyesha kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Watu wa kontinuo, yaani wale wanaoshika besi na kujaza kodi juu yake, hutunga sehemu yao kwa kumsikiliza mwimbaji anavyotamka. Mwimbaji aliyezoea wiki tatu za piano anajifunza kuhesabu. Akikutana na kitarone wiki ya nne, anaendelea kuhesabu, na maneno yanakufa. Kama fedha haziruhusu kundi zima, lipeni mpiga kitarone mmoja na mpiga vitufe mmoja kuanzia siku ya kwanza. Siku tano za mwanzo zitumike kuyasema maneno ya Kiitalia kwa sauti, bila nota, hadi kila mmoja ajue silabi yenye mkazo iko wapi. Fidla zinaweza kuja wiki ya tatu bila madhara. Kuhusu kitabu, toleo la Rinaldo Alessandrini la Bärenreiter ni safi na linafaa kazini. Kando yake wekeni nakala ya picha za chapa ya 1609, ambayo hupatikana bure mtandaoni, kwa sababu maelekezo ya ala yamo humo kwa maneno ya Monteverdi mwenyewe.

Tukifika kwa Mjumbe, hapa ndipo sura ya leo husaidia au huua. Sehemu ya pili inaanza kwa furaha tupu. Orfeo anaimba beti nne za "Vi ricorda o boschi ombrosi" kwa mdundo wa mapigo sita yanayogawanywa mara makundi mawili ya matatu, mara makundi matatu ya mawili, na mchungaji anamwambia tazama, msitu mzima unakuchekea. Chini yake kuna harpsikodi, kitarone na viola. Ghafla sauti ya mwanamke inaingia: "Ahi caso acerbo." Nota zinaagiza kwamba yeye aimbe juu ya ogani ya mbao na kitarone. Hakuna ngoma, hakuna kishindo. Chuma cha harpsikodi kimetoweka tu, na pumzi ya mabomba imeingia mahali pake. Wachungaji hawaelewi, mmoja anarudi kwenye ala za furaha, na yeye anaendelea kwenye zake. Kwa muda wanaimba katika chumba kimoja, lakini hawako katika ulimwengu mmoja.

Kisha anamgeukia Orfeo. Anasema, Euridice wako mzuri, na kodi ni E meja, yenye ile G shapu. Orfeo anamkatiza, "Ohimè, che odo?", na kodi ni G maina. G shapu ya kodi ya mwanamke inaangushwa nusu toni katika kodi ya mwanamume. Ikiwa ogani yenu imepatanishwa kwa A flati, kodi ya kwanza italia kama imeungua na hila yote imeharibika. Ikiwa imepatanishwa sawasawa, kodi mbili safi zinagongana, na mtu asiyejua nota hata moja anahisi sakafu imesogea.

Naona mwongozaji wenu atashawishika kuleta habari hii kwa simu. Namsihi asifanye hivyo. Silvia, ndilo jina la mjumbe, alikuwapo. Alimshika Euridice, walimwagia maji usoni, walimsomea dua, na alimsikia akiita "Orfeo" mwishoni. Akimaliza kusimulia anajichukia mwenyewe na kusema atajificha pangoni asilione jua. Ujumbe wa simu hauna mwili wa kujichukia. Simu zitumieni mapema, wageni wakipigana picha, na akiingia Silvia zishuke mikononi moja baada ya nyingine. Yeye asimame. Masimulizi yake hayahitaji kutembea, na kila hatua ya mwimbaji inamla mpiga kitarone aliye upande wa pili wa jukwaa.

Caronte kuwa ofisa wa mpakani ni wazo zuri, kwa sababu maneno yanakubali: anamuuliza huyu aliye hai anatafuta nini kwenye ufuo huu, na anamkatalia. Kabla yake, Speranza, yaani Tumaini, anamfikisha Orfeo langoni na kumwonyesha maandishi yaliyochongwa pale, mstari wa Dante unaowaambia wanaoingia waache matumaini yote. Na kwa kuwa sheria ndiyo hiyo, Tumaini mwenyewe hawezi kuingia. Ubao wa tangazo wa mpakani unaubeba mstari huo vizuri kabisa. Shida huja baadaye. Orfeo anaimba "Possente spirto", na wimbo huo na yanayoufuata huchukua dakika nyingi. Mwongozaji akiogopa ukimya humpa ofisa kazi: agonge mihuri, anywe kahawa, apekue mabegi. Watazamaji watamtazama ofisa.

Wimbo huo ndio moyo wa opera, na umejengwa kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine. Ubeti wa kwanza fidla mbili zinamjibu. Wa pili, kornetto mbili. Wa tatu, kinubi peke yake. Wa nne, fidla mbili na besi. Katika beti hizo nne Monteverdi ameandika mstari wa sauti mara mbili, mmoja mtupu na mwingine umejaa mapambo, mwimbaji achague. Ubeti wa tano mapambo yanakoma. Wa sita nyuzi zinapiga kwa sauti ndogo sana chini ya mwimbaji asiyepamba. Naye Caronte anajibu kwamba moyo wake umeburudika kidogo, lakini huruma haimfai. Ufundi wote ule haukumfungua! Kinachomlaza ni sinfonia, yaani muziki wa ala tupu, ya sauti ya chini kabisa ya viola, ogani na besi, baada ya Orfeo kuacha kujionyesha na kuomba tu arudishiwe mpenzi wake. Basi wapigaji wa kila ubeti watoke kwenye shimo la wapigaji mbele ya jukwaa au kando, wasimame wanapoonekana, wa pili katika kila jozi akiwa mbali zaidi, kwa kuwa mara nyingi anamjibu wa kwanza. Ofisa akae tu. Mwimbaji wa Orfeo asichague mapambo kwa sababu yanaonyesha koo. Kama mapambo ya ubeti wa tatu yanamshinda, aimbe mstari mtupu na kinubi kibebe mapambo yake. Mwimbaji anayehangaika anaharibu kitu kikubwa kuliko nota alizoziacha.

Kugeuka kwa Orfeo, katika sehemu ya nne, kumeandikwa kwa usahihi wa kushangaza. Anapanda akiimba juu ya besi inayotembea, amejaa majivuno. Anaanza kushuku. Nota zinasema: hapa kuna kelele nyuma ya pazia. Anauliza kama majini ya kuzimu yanakuja kumpora mkewe. Anageuka, na pale pale anaimba juu ya ogani ya mbao tu, macho matamu, nawaona. Mstari unaofuata, akiona giza linamfunika Euridice, harpsikodi, viola ya besi na kitarone zimerudi. Ogani imesikika kwa muda wa pumzi chache, ndiyo muda wote aliopewa wa kumwona. Mpiga vitufe asiye na regista wala karatasi tayari hapo atachelewa, na tukio lote litapita bila mtu kulisikia. Wekeni wapiga vitufe wawili sehemu hii, mmoja kwa kila ala, wasihame viti. Kelele nayo iwe ya kweli, iamuliwe ni ya nini katika harusi yenu: mlango wa chuma, kreti za vinywaji zinaanguka. Kelele ya kielektroniki kutoka spika inamwambia mtazamaji kwamba Orfeo ameisikia kichwani mwake tu, na hiyo ni hadithi nyingine.

Miisho miwili sasa. Kitabu cha maneno cha 1607 kinamaliza kwa wanawake wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wakimtafuta Orfeo kwa hasira, naye anakimbia. Maneno hayo yapo. Muziki wake haukutufikia. Nota za 1609 zinamleta Apollo juu ya wingu, na yeye na Orfeo wanapanda mbinguni wakiimba, kisha kunachezwa ngoma iitwayo moresca. Mkichagua Bacchus, mnahitaji mtunzi, wiki za ziada, na jibu kwa mtazamaji atakayesikia muziki wa mtu mwingine dakika za mwisho. Mimi ningechukua Apollo, na wingu ningeliacha. Apollo katika opera hii ni baba yake Orfeo, na neno lake la kwanza ni la mzazi: kwa nini unajiachia kwa hasira na majonzi, mwanangu? Hicho mnakijua. Ni mzee anayekuja matangani kumwinua kijana ambaye ameacha kula. Akitoka katikati ya watazamaji na koti lake, akamkalia mwanawe pembeni, watu hawatadai mashine. Orfeo anamuuliza kama hatamwona tena Euridice, na baba anajibu kwamba ataiona sura yake katika jua na nyota. Mwimbaji asiliimbe jibu hilo kama ushindi.

Kabla ya hapo kuna mwangwi wa Thrakia, unaomjibu Orfeo akilia peke yake, ambapo Monteverdi aliweka ogani na kitarone kila kona ya jukwaa. Ninyi mna ogani moja: iwe kushoto, kulia iwe harpsikodi, na kitarone kila upande. Mwimbaji wa mwangwi awe nyuma ya viti vya mwisho, mlango ukiwa wazi nusu. Zimeni projekta na taa zenye feni wakati huo. Feni moja juu ya jukwaa inatosha kummeza mpiga kitarone.

Rafiki yenu wa udi asitumike kama kitarone. Ala hizi ni ndugu: liuto ya Ulaya ilizaliwa na udi wa Waarabu, na kitarone ni liuto iliyorefushwa shingo ili ibebe nyuzi ndefu za besi zinazopigwa wazi. Nyuzi hizo ndizo udi hauna. Udi hupigwa kwa risha, uzuri wake uko kwenye mstari mmoja unaotembea na kupinda sauti, na hauna vijiti shingoni. Ukimwomba ajaze kodi chini ya mwimbaji mtampoteza yeye na mwimbaji pia. Mpeni ritorneli ya utangulizi, ule muziki mfupi wa D maina unaorudi kati ya beti za Musica. Apige peke yake mara moja, kwa namna yake ya kupamba, kisha viola zimjibu. Muziki huo huo unarudi baadaye mwishoni mwa sehemu ya pili na ya nne, na watu watamkumbuka.

Hapo hapo Leeds mna mfano mzuri: mwaka 2022 Opera North na South Asian Arts-uk waliweka Orpheus, ambapo Jasdeep Singh Degun na Laurence Cummings waliunganisha Monteverdi na muziki wa Kihindi, harusi ikiwa bustanini, kwa Kiitalia na lugha kadhaa za Asia Kusini. Kilichofanya kazi ile isimame ni kwamba muziki mpya ulitungwa kwa ajili ya ala za Kihindi. Hazikupewa karatasi za Wazungu zikaambiwa zijitahidi. Fuateni njia hiyo, hata kama ni kwa dakika tatu tu.

Na skrini. Mstari mmoja kwa wakati, lugha mbili zikiwa juu na chini, si ubavuni. Kosa kubwa ni kuonyesha sentensi nzima ya mjumbe kabla hajaimaliza. "La tua diletta sposa è morta": mkiweka "Mke wako mpendwa amekufa" pale anapoanza, ukumbi umeshajua sekunde kadhaa kabla ya Orfeo, na "Ohimè" yake inakuja imechelewa. Gaweni. Kwanza "Mke wako mpendwa", halafu skrini isubiri, na "amekufa" itoke pamoja na silabi yenyewe. Wala msiandike "amefariki" au "ametutoka". Striggio alitumia neno fupi lisilo na adabu ya msiba, na "amekufa" ndilo ndugu yake. Anayebonyeza skrini lazima awe anasoma nota, amekaa anapomwona mwimbaji akivuta pumzi, na awepo kwenye mazoezi kuanzia wiki ya pili. Wakati Orfeo ananyamaza, kabla ya "Tu se' morta", skrini iwe nyeusi kabisa, na asiibonyeze hadi mwimbaji afungue mdomo.